Bugenvilia ya mu poti: ukate lini, na ukate mpaka wapi?



Leo hatuzungumzi moja kwa moja juu ya diplome wala kutafuta kazi, lakini mwishoni mtaona kama jambo hili linagusa vyote viwili. Tunazungumza juu ya bugenvilia, ule mti wa miiba wenye maua ya zambarau, mekundu, ya rangi ya chungwa ao meupe, wenye kupanda juu ya ukuta na juu ya malango. Kila mtu anaujua. Lakini ukiuliza watu kumi unakatwa lini, utapata majibu kumi.

Zamani wazee wetu waliupanda chini, pembeni ya lupango, na wakaacha ukue wenyewe. Sisi vijana wa leo, wengi tuko mu nyumba za kupanga. Leo uko Tenke, mwaka ujao uko Fungurume ao Kolwezi, juu kazi imekuita ao mwenye nyumba ameongeza bei. Kuna pia familia ambazo zimehama juu ya machimbo kupanuka. Mti uliopandwa chini unabaki kwa mwingine. Ule wa mu poti unapanda juu ya kamiyo pamoja na kitanda na vyombo vya jikoni. Njo maana poti, ndoo za rangi na nusu za mapipa zimejaa mbele ya nyumba zetu.

Sasa taabu ni hii: bugenvilia ya mu poti mara nyingi inakuwa majani matupu. Inarefuka, inajikunja, inachoma watu miguu, na maua haionyeshi. Mwenye nayo anafanya moja ya mambo mawili. Wa kwanza anaiogopa: “Nikiikata itakufa,” basi hagusi kitu miaka mitatu. Wa pili anaishika na panga siku yoyote ambayo macho yake yamechoka kuiona, mara nyingi siku chache mbele ya sikukuu, na anaondoa yote yaliyokuwa yanajitayarisha kuchanua. Hawa wawili wako tofauti kabisa, lakini wanakosa maua kwa sababu moja: hawajui maua yanatokea wapi.

Jibu kwa kifupi, kwa yule asiye na wakati wa kusoma mpaka chini: ukate kisha maua kuisha, usikate wakati mti unajitayarisha kuchanua. Na ukali wa kukata ufuate nguvu ya mizizi na majira ya mwaka, si hasira ya mwenye kushika sekatere. Mwenye wakati, tuendelee pamoja.

1. KWANZA UJUE MTI WENYEWE

Bugenvilia haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazili na inchi za jirani. Jina lake linatoka kwa Louis-Antoine de Bougainville, baharia wa Ufaransa aliyezunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mu safari ile kulikuwa mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kama mwanaume juu wanawake hawakuruhusiwa mu meli za jeshi. Mmea huu waliukusanya ku Rio de Janeiro mwaka 1767. Dada zetu wenye kusoma sayansi wakumbuke jina la Baret: anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza aliyejulikana kuzunguka dunia yote.

Jambo la pili: ile rangi tunayoiita ua si ua. Ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi, ambayo wataalamu wanayaita braktea. Ua la kweli ni kile kibomba kidogo cheupe ao cha manjano mu katikati. Hii ina faida kwetu. Ua la kweli linaisha upesi, lakini zile braktea zinabaki na rangi kwa majuma mengi. Njo maana mti mmoja unaweza kupendeza nyumba muda mrefu.

Jambo la tatu njo kubwa kuliko yote: maua yanatokea juu ya matawi mapya. Tawi la mwaka juzi, lile nene lenye ganda la kijivu, halitoi maua moja kwa moja. Linatoa kwanza kitawi kipya cha kijani, na kile kitawi kikikomaa njo kinachanua. Basi mti usiokatwa una miti mingi ya zamani na vitawi vipya vichache, vyote ku ncha, mbali na macho. Mti unaokatwa vizuri una vitawi vipya pande zote.

Angalia pia mwiba. Mwiba unatokea mahali palepale ambapo ua lingeweza kutokea, mu kona kati ya jani na tawi. Mti ukiwa na mayi mengi, mbolea nyingi na kivuli, unatengeneza majani na miiba. Ukiwa na jua, kiu kidogo na tawi lililokomaa, unatengeneza maua. Ukiona miiba mirefu paka miiba, mti wako uko unakula vizuri lakini hauna sababu ya kuchanua.

2. JUU YA NINI KUKATA KUNALETA MATAWI?

Kila tawi lina kichwa. Kile kichwa cha ncha kinatengeneza homoni inaitwa oksini, ambayo inashuka chini ya tawi na kuambia macho mengine yote: “Mungoje, bado.” Macho njo zile chipukizi ndogo zilizolala karibu na kila jani. Wakati ncha iko, macho ya chini yanalala. Ukiondoa ncha, amri inakatika, na macho mawili ao matatu yaliyo karibu na mahali pa kukata yanaamka.

Watu wa Tenke wataelewa upesi, juu mji wetu njo mahali reli inagawanyika: njia moja inaenda Kolwezi, Dilolo mpaka Lobito ku bahari ya Angola, ingine inaenda Lubumbashi, ingine inaenda upande wa Kamina. Kila mahali unapokata bugenvilia unatengeneza Tenke ndogo: njia moja inakuwa mbili ao tatu. Na kila njia mpya ni mahali pa maua.

Lakini kuna bei ya kulipa. Kitawi kipya kinahitaji muda wa kukua na kukomaa mbele ya kuchanua. Kwa hali nzuri, hesabu majuma 6 mpaka 10 kutoka siku ya kukata. Wakati wa baridi ongeza majuma mawili ao zaidi. Ukikata kila mwezi, juu unapenda mti uwe mviringo kama mpira, hautapata maua hata siku moja: unaondoa vitawi kila mara vikikaribia kukomaa.

3. LINI? KALENDA YA HUKU KWETU

Vitabu vingi juu ya bugenvilia viliandikwa Ulaya ao Marekani, na vinasema “ukate mwezi wa 2 ao wa 3, mwisho wa baridi”. Ukifuata hivyo hapa, umepotea. Sisi tuko ku kusini ya ikweta, karibu digrii 10 na nusu, na ku milima: Kolwezi iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mvula inaanza mwezi wa 10 ao wa 11 na inaisha mwezi wa 3 ao wa 4. Kisha kunakuja kipwa, kiangazi chetu, na ndani yake mwezi wa 6 na wa 7 usiku unakuwa baridi kweli. Joto kali ni mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvula ya kwanza.

Siku nazo zinabadilika. Hapa kwetu, mwezi wa 12 mwanga wa jua unakaa karibu saa 12 na dakika 45. Mwezi wa 6 unashuka mpaka karibu saa 11 na nusu. Kwa mtu, tofauti hii ni kidogo. Kwa bugenvilia ni habari: siku zikifupika na udongo ukikauka, mti unaelewa kama wakati wa maua umefika. Njo maana ku Lualaba maua mengi yanaonekana mu kipwa, si mu mvula.

Ukiunganisha hayo yote, mwaka wa bugenvilia ya mu poti unakuwa hivi:

Katikati ya mwezi wa 9 mpaka mwisho wa mwezi wa 10. Huu ni wakati wa kukata kwa nguvu. Maua ya kipwa yamechoka, rangi imefifia, baridi imeisha, joto limepanda, mvula iko njiani. Mti uko tayari kusukuma. Kama kuna kazi kubwa ya kufanya (kufupisha sana, kubadilisha sura, kuondoa mti uliokauka), ufanye hapa. Una miezi mitano ya joto na mayi ya kujenga upya.

Mwezi wa 12 mpaka wa 2. Mvula imejaa, matawi yanakimbia. Usitumie panga. Tumia kidole: vunja ncha laini za yale matawi marefu yanayotoka mu mstari. Tawi moja linaloruka peke yake mpaka mita moja linakula nguvu ya mti mzima. Lizuie mapema.

Nusu ya mwisho ya mwezi wa 3 mpaka katikati ya mwezi wa 4. Hapa unakata mara ya mwisho mbele ya maua ya kipwa, na ukate kidogo ao kiasi tu. Vitawi vitakavyotoka vitakutana na mvula inayoisha na siku zinazofupika, na vitakomaa tayari kuchanua.

Mwezi wa 5 mpaka wa 8. Weka sekatere chini. Unaweza kuondoa tawi lililokufa ao lililovunjika, basi. Ukikata kwa nguvu mu baridi ya mwezi wa 6 ao wa 7, mti unabaki vijiti vitupu majuma mengi, hauna joto la kusukuma, na mayi unayomwaga yanalala mu poti na kuozesha mizizi.

Kwa mfano, unataka poti zako zichanue tarehe 30 mwezi wa 6, sikukuu ya Uhuru. Hesabu kurudi nyuma: majuma 10 ya kukua, pamoja na majuma mawili ya baridi. Unafika mwanzo wa mwezi wa 4. Basi mkato wa mwisho ufanyike kati ya tarehe 1 na 15 ya mwezi wa 4. Mwenye kungoja mwezi wa 5 juu “mti haujawa muzuri sawasawa” atachelewa, na mwenye kukata mwezi wa 6 ili usafi uonekane atakuwa ameondoa maua yenyewe.

4. MPAKA WAPI? VIPIMO VITATU

Watu wengi wanauliza “nikate ngapi?” kama vile jibu ni moja. Kuna vipimo vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Kipimo cha kwanza: kidole. Kitawi kipya kikifika sentimeta 15 ao 20, vunja ncha ya sentimeta 2 ao 3 kwa kidole na kucha. Hakuna hatari yoyote, hata kwa mti mchanga. Kitawi kimoja kinakuwa viwili ao vitatu. Hiki njo kipimo cha kufundisha mti uliotoka ku kijiti kidogo: mwaka wa kwanza fanya kidole tu, usikimbilie maua. Anza mapema na mti utakuwa mnene kutoka chini.

Kipimo cha pili: theluthi moja. Kila tawi lililomaliza maua, ondoa theluthi moja ya urefu wake, na isipite nusu. Hiki njo kipimo cha kawaida cha mti mzima wenye afya. Kwa sura, angalia kwa jicho: sehemu ya juu ikipita mara mbili ya urefu wa poti, poti inaanza kuanguka na upepo na mizizi inashindwa kulisha vyote. Rudisha mti ndani ya kipimo hicho.

Kipimo cha tatu: mpaka ku mifupa. Hapa unaacha visiki vya sentimeta 20 mpaka 30, kila kisiki na macho matatu ao manne. Ni dawa ya mti wa zamani ulioachwa miaka mingi, wenye majani juu tu na miguu mitupu chini. Bugenvilia ina nguvu, inarudi. Lakini inarudi kwa masharti: iwe mwezi wa 9 ao wa 10 tu, mti uwe na afya, mizizi isiguswe siku ileile, na usiirudie mbele ya miaka mitatu. Na ujue kama mwaka ule maua yatakuwa kidogo, juu mti uko unajenga nyumba kwanza.

Juu ya nini tunasema mizizi njo inaamua? Mti uliopandwa chini una mizizi inayotembea mbali. Ukiukata wote, bado una ghala kubwa chini. Mti wa mu poti ghala lake ni ile poti tu. Bugenvilia ya mu poti ya lita 40 inaweza kuvumilia kipimo cha tatu. Ile ya mu bidoni ya lita 5, iliyodhoofika, yenye majani ya manjano, ikikatwa hivyo inaweza isirudi. Mti mgonjwa hauponi kwa kukatwa. Uulishe kwanza, uponye mizizi, ungoje majani mapya, kisha ukate.

5. NAMNA YA KUKATA

Chombo ni sekatere yenye makali. Panga linapasua tawi, na mahali palipopasuka panaoza. Kwa tawi nene kuliko kidole gumba, tumia msumeno mdogo. Mbele ya kuanza na ukihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, pangusa chuma kwa kitambaa chenye alkoli ao mayi ya javeli, juu ugonjwa unasafiri na chuma. Javeli inakula chuma, kwa hiyo ukimaliza osha, kausha, paka mafuta kidogo.

Vaa glavu za ngozi na mikono mirefu. Mwiba wa bugenvilia unaingia ndani na kuvunjika, na mayi ya mti yanaweza kuwasha ngozi ya watu wengine. Matawi yaliyokatwa usiyaache mahali ambapo watoto wanacheza miguu mitupu.

Kisha fuata mpango huu:

Kwanza ondoa yaliyokufa. Kwaruza ganda kwa kucha: kijani ndani, tawi liko hai. Kahawia na kavu, ondoa.

Pili ondoa yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Jua liingie mu katikati ya mti.

Tatu ondoa yale yanayotoka chini kabisa ku shina, marefu, manene, bila maua. Yananyonya.

Nne, sasa fupisha yaliyobaki kwa kipimo ulichochagua. Kata juu kidogo ya jicho, nusu sentimeta hivi, kwa kulaza mkato ili mayi yateremke. Chagua jicho linaloangalia inje, juu tawi jipya litaelekea kule jicho linaangalia. Hapa njo unaamua sura ya mti ya miezi sita ijayo.

Kila kisha matawi matano ao sita, simama, rudi nyuma hatua tatu, angalia. Tawi lililokatwa halirudishwi.

6. KISHA KUKATA: MTEGO WA MAYI

Miti mingi inayokufa kisha kukatwa haikuuawa na sekatere. Iliuawa na ndoo ya mayi. Fikiri: majani njo yanavuta mayi. Ukiondoa nusu ya majani, mti unakunywa kidogo sana. Lakini mwenye nao, kwa huruma, anaongeza mayi. Udongo unabaki tope, mizizi inakosa hewa, inaoza. Kisha juma moja ao mawili anasema “nilikata vibaya”.

Kwa hiyo, kisha kukata, mwagilia mara moja vizuri mpaka mayi yatoke ku matundu ya chini. Kisha ungoje. Ingiza kidole mu udongo: sentimeta 3 za juu zikiwa kavu, njo umwagilie tena. Ukiona vitawi vipya, unaweza kuongeza kidogo kidogo.

Chakula nacho kina wakati. Vitawi vikianza kutoka, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri inatosha kusukuma. Usiweke urea ya mahindi mu poti ya maua: azoti nyingi inaleta majani na miiba, na mu poti ndogo inachoma mizizi. Vitawi vikifika kukomaa, acha azoti. Majivu ya makala ao ya kuni yana potasi, lakini kijiko kimoja mara moja kwa msimu kinatosha, juu majivu yanaondoa uchachu mu udongo na bugenvilia inapenda uchachu kidogo. Majani mapya yakigeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, umezidisha.

Halafu jua. Saa 6 za jua kila siku ao zaidi. Chini ya kivuli cha mwembe, hata ukate kama fundi, utapata majani.

Na kiu. Hapa poti ina nguvu ambayo ardhi haina. Vitawi vikisha kukomaa, unaweza kusogeza poti mahali pa jua pasipofikiwa na mvula, karibu na ukuta, na kuacha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea kidogo, kisha kumwagilia. Ukifanya hivyo mara chache, mti unaelewa kama kipwa kimefika. Mwenye mti wa chini hawezi kuzuia mvula. Wewe unaweza.

7. POTI NA UDONGO: TAHADHARI YA WATU WA SHABA

Hili halimo mu vitabu vya Ulaya, lakini kwetu ni la lazima.

Usichukue udongo ku vilima vya shaba, ku mabaki ya machimbo wala pembeni ya mito inayopokea mayi ya viwanda. Shaba kidogo mmea unaihitaji, shaba nyingi inaua ncha za mizizi. Vilima vya shaba vya Tenke na Fungurume vinajulikana na wataalamu wa mimea wa dunia nzima kwa sababu hiyo hiyo: miti ya kawaida inashindwa pale, na inabaki mimea midogo iliyozoea, kama Haumaniastrum, ambayo watafuta madini waliifuata kama alama ya shaba. Ukiona mahali miti imekataa kuota na kuna majani mafupi tu, usijaze poti yako pale.

Usitumie pia mapipa na bidoni zilizobeba asidi ao dawa za kiwanda, hata kama zinauzwa bei ya chini. Kuosha hakutoshi. Ndoo ya rangi ya mayi, poti ya udongo wa kuchoma, nusu ya pipa la chakula: hizo ziko sawa. Toboa matundu matano ao sita chini, na uinue poti juu ya matofali ili mayi yatoke.

Mchanganyiko wa kawaida: sehemu mbili za udongo mweusi wa shamba ulio mbali na machimbo, sehemu moja ya mchanga wa kokoto, sehemu moja ya samadi iliyooza. Udongo wa kichuguu ni muzuri kwa matofali, lakini peke yake mu poti unafunga kama simiti.

Poti isiwe kubwa kupita kiasi. Bugenvilia inachanua vizuri mizizi ikibanwa kidogo. Lakini ikibanwa mpaka mayi yanapita bila kuingia, kila kisha miaka miwili ao mitatu uihamishe mu poti iliyozidi kidogo, ao upunguze mizizi ya pembeni kwa robo. Mizizi yake inavunjika upesi: usivute shina, kata poti kama ni lazima. Siku ya kupunguza mizizi, punguza na matawi kwa kipimo cha pili, ili juu na chini vilingane. Kipimo cha tatu na mizizi siku moja, hapana.

8. MATAWI YALIYOKATWA NI MBEGU

Sasa tunarudi ku lile la mwanzo. Vijana wengi wako na diplome mukononi na wanangoja jina lao litoke ku kampuni. Kungoja si kosa. Lakini mikono inaweza kufanya kitu wakati wa kungoja.

Kata ya mwezi wa 9 na wa 10 inaacha rundo la vijiti. Chagua vile vyenye unene wa kalamu ao zaidi, vilivyokomaa, visivyo laini. Kata urefu wa sentimeta 15 mpaka 20, chini kabisa ya jicho upande wa chini. Ondoa majani. Ingiza theluthi moja mu mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, mahali pa kivuli chepesi, unyevu bila tope. Usigeuze juu kuwa chini. Mizizi inatoka kati ya juma la 4 na la 8, na macho yakifunguka mapema usishangilie bado, juu kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba yake kabla ya kuwa na mizizi. Usitegemee vyote vitashika. Rangi zingine ni ngumu kuliko zingine.

Kijiti cha mwezi wa 10, kikifundishwa kwa kidole wakati wa mvula yote, kinaweza kuonyesha rangi yake ya kwanza mu kipwa, na kuwa poti ya kuuza kweli mwaka unaofuata. Na hapa njo kukata kunageuka hesabu ya mfuko. Mtu anayesimama pembeni ya barabara hanunui majani. Ananunua rangi anayoiona. Hoteli inayotayarisha sherehe, familia inayotayarisha ndoa, wazazi wanaongoja mtoto apate diplome, wote wana tarehe. Anayejua kuhesabu majuma 10 ao 12 nyuma ya tarehe anafika na poti zenye maua. Asiyejua anafika na poti za miiba na kupunguza bei. Mti ni uleule, udongo ni uleule, kilichowatofautisha ni siku moja ya mwezi wa 4.

Tuseme tena kwa wale wa kuandika mu daftari:

Maua yako juu ya tawi jipya lililokomaa.
Kwa nguvu: mwezi wa 9 na wa 10. Kidogo: mwisho wa mwezi wa 3 mpaka katikati ya mwezi wa 4. Kidole: wakati wa mvula. Baridi: usiguse.
Theluthi moja kwa kawaida, mifupa kwa dharura, kidole kwa mchanga.
Kisha kukata, punguza mayi.
Udongo wa shaba, kaa mbali nao.

Yule ambaye ana bugenvilia ya majani matupu mbele ya mlango, aangalie kalenda leo kabla ya kuangalia sekatere. Kama tuko mu baridi, angoje. Kama joto limeanza na mvula iko karibu, anoe chuma, avae glavu, na akate bila woga.